Saratani ya Tezi Dume: Shauri la Wawili



Siku ya arusi yenu mliahidiana kushikamana katika afya na katika ugonjwa. Ugonjwa tunaotaka kuuzungumzia katika ukurasa huu huijaribu ahadi hiyo kwa namna ya pekee, kwa sababu hugusa mahali ambapo mume na mke hukutana wakiwa peke yao. Ni saratani ya tezi dume. Hapa Kenya ndiyo saratani inayowapata wanaume wengi kuliko nyingine zote, na wengi hufika hospitalini ikiwa imekwisha kusambaa mwilini.

Sababu moja ya kuchelewa ni aibu. Mume huamka mara tano usiku kwenda msalani, na mkewe akiuliza, hujibu, "Si kitu, mama watoto, ni baridi tu." Hata baada ya daktari kusema neno lenyewe, wanaume wengi hulibeba peke yao, huchagua matibabu peke yao, na mke huja kuambiwa siku ya kulazwa. Somo letu ni kwamba jambo hili huamuliwa na wawili, na kupona nako ni kazi ya wawili.

Ugonjwa wenyewe

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Mrija wa mkojo hupita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Kando yake hupita mishipa ya fahamu inayosimamisha uume, na chini yake ipo misuli inayozuia mkojo. Hapo ndipo penye ugumu wote wa matibabu: ni vigumu kuifikia tezi pasipo kuwasumbua majirani zake.

Si kila mwanaume anayepata shida ya mkojo ana saratani. Mara nyingi tezi hukua tu kwa sababu ya umri. Kwa upande mwingine, saratani ikiwa changa huwa haina dalili yoyote. Kwa hiyo mwanaume aliyefikisha miaka 50 na amwulize daktari juu ya kipimo cha damu kinachoitwa PSA. Kama baba yake au ndugu yake wa kiume aliugua, asingoje hadi 50. Aulize anapofika miaka 40 au 45. Sisi Waafrika weusi tumo katika hatari kubwa zaidi kuliko watu wa mataifa mengine mengi.

PSA ikipanda haina maana kwamba saratani ipo. Maambukizi au tezi iliyokua tu pia huipandisha. Saratani huthibitishwa kwa kutoa vipande vidogo vya nyama ya tezi na kuvichunguza kwa darubini. Mtaalamu huipa alama zinazoitwa Gleason, kuanzia 6 hadi 10. Alama 6 ni saratani inayokua polepole. 8, 9 na 10 ni kali. Kisha hupigwa picha ili kujua kama imebaki ndani ya tezi au imefika kwenye mifupa. Mambo haya matatu, yaani PSA, alama za Gleason na picha, ndiyo msingi wa uamuzi wote. Yaandikeni katika daftari na mlitunze.

Njia za matibabu

Saratani ikiwa bado imo ndani ya tezi, kwa kawaida njia huwa tatu.

Ya kwanza ni kuifuatilia kwa karibu bila kuitibu kwanza. Hii ni kwa saratani inayokua polepole. Mgonjwa hupimwa PSA kila baada ya miezi michache, na vipande vya tezi huchunguzwa tena kwa vipindi. Ikionekana kuamka, matibabu huanza. Njia hii haina maana ya kupuuza, na haimfai mtu asiyerudi kliniki.

Ya pili ni upasuaji wa kuitoa tezi nzima. Zamani upasuaji huu ulimwacha karibu kila mwanaume bila nguvu za kiume. Mwaka 1982 Daktari Patrick Walsh wa hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, alianza kupasua kwa namna inayoihifadhi ile mishipa ya fahamu, na tangu hapo wengine wamebahatika kuzihifadhi nguvu zao. Hata hivyo si kila saratani inaruhusu mishipa hiyo iachwe.

Ya tatu ni mionzi. Mgonjwa huenda hospitalini siku tano kwa juma, kwa majuma manne hadi manane kwa kawaida. Kila mara ni dakika chache tu, na mionzi yenyewe haiumi. Mara nyingi huongezewa sindano za homoni kwa miezi kadhaa, na kwa saratani kali hata miaka miwili au mitatu. Mzee Nelson Mandela wa Afrika Kusini alitibiwa hivi. Aligunduliwa kuwa na saratani hii mwaka 2001 akiwa na miaka 83, miaka mitatu tu baada ya kufunga ndoa na Mama Graça Machel. Alipata mionzi kwa majuma saba. Aliishi miaka mingine 12 na kufariki mwaka 2013, akiwa na miaka 95.

Saratani ikiwa imekwisha kutoka nje ya tezi, kwa kawaida msingi wa tiba ni kuinyima homoni ya kiume, ambayo ndiyo chakula chake. Jambo hili liligunduliwa na Daktari Charles Huggins wa Chicago mwaka 1941, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Hufanyika kwa sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu, au kwa upasuaji mdogo wa kuondoa korodani mara moja tu. Siku hizi huongezewa dawa nyingine pia. Tiba hii haiing'oi saratani iliyosambaa, lakini inaweza kumpa mtu miaka mingi ya kuishi na watu wake.

Ni ipi iliyo bora?

Hili ndilo swali ambalo kila mtu humwuliza daktari, na wengi hushangaa daktari anapowarudishia. Sababu yake ni hii. Huko Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2009, wanaume 1,643 wenye umri wa miaka 50 hadi 69, ambao saratani yao ilikuwa bado imo ndani ya tezi, waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: kufuatiliwa, upasuaji na mionzi. Majibu ya miaka 15 yalitolewa mwaka 2023. Katika wote hao, waliokufa kwa saratani ya tezi dume walikuwa 45. Katika kila kundi walikuwa wapatao 2 au 3 kwa kila wanaume 100. Kwa upande wa kifo, njia zote tatu zilikaribiana.

Tofauti ilikuwa katika mambo mengine. Katika kundi lililofuatiliwa, saratani ilisambaa kwa wanaume 9 hivi katika kila 100. Katika upasuaji na mionzi ni 5 hivi. Tena, zaidi ya nusu ya waliofuatiliwa walifikia kutibiwa baadaye. Lakini waliopasuliwa walilipa gharama nyingine. Baada ya miezi sita, 46 katika kila 100 walikuwa wakivaa pedi za kuzuia mkojo, na baada ya miaka sita walibaki 17. Kabla ya matibabu, wanaume 67 katika kila 100 walikuwa na nguvu za kutosha kwa tendo la ndoa. Miezi sita baadaye walikuwa 12 tu kati ya waliopasuliwa, 22 kati ya waliopata mionzi na 52 kati ya waliofuatiliwa. Baada ya miaka sita walikuwa 17, 27 na 30. Mnaona, hata wale ambao hawakuguswa walipungukiwa na nguvu kadiri umri ulivyokwenda, na wengine kwa sababu walitibiwa baadaye.

Tahadhari mbili. Karibu wanaume wote hao walikuwa Wazungu, na wengi walikuwa na saratani isiyo kali. Mtu mwenye Gleason 9 asiseme, "Nitangoja, wale wa Uingereza walingoja." Lakini kwa yule ambaye saratani yake imeonekana mapema, habari hii inatufundisha jambo kubwa. Katika chumba cha daktari hamchagui kati ya kufa na kuishi tu. Mnachagua pia mtakavyoishi: mkojo, choo, kitanda, safari, kazi na fedha. Na maisha hayo ni ya watu wawili. Ndiyo sababu si haki mmoja aamue peke yake.

Kabla ya kuamua

Nendeni kwa daktari pamoja. Mtu akisikia neno saratani, masikio yake huziba. Mwenzake atasikia yaliyobaki. Bibi aulize pia, wala asikae nje kwenye benchi. Haya ni baadhi ya maswali:

1. Alama za Gleason ni ngapi, na je, saratani imetoka nje ya tezi?
2. Je, kufuatilia kunatufaa? Kama sivyo, kwa nini?
3. Katika upasuaji, je, mishipa ya fahamu itaweza kuachwa? Wewe daktari umefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi?
4. Mionzi itatolewa wapi, kwa siku ngapi, na je, mashine inafanya kazi sasa?
5. Gharama yote ni kiasi gani, na SHA italipa kiasi gani?
6. Tukingoja mwezi mmoja ili tufikiri, tutadhurika?

Swali la nne msilidharau. Mionzi hupatikana katika hospitali chache, kama Kenyatta, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na Moi kule Eldoret. Mtu anayetoka mbali atahitaji mahali pa kulala kwa majuma kadhaa. Huenda kuna jamaa mjini, huenda jumuiya ndogo ndogo ikasaidia nauli. Haya yapangeni kabla ya kuanza, maana tiba ya mionzi haifai kukatizwa katikati.

Kwa saratani isiyo kali, majuma machache ya kufikiri na kumwona daktari wa pili hayadhuru kitu. Lakini msiyageuze kuwa miaka. Wapo wanaouza unga na mizizi wakiahidi kuimaliza saratani bila hospitali. Fedha za ng'ombe aliyeuzwa huishia huko, na ugonjwa unaendelea kutambaa.

Siku za kupona

Aliyepasuliwa hurudi nyumbani akiwa na mpira wa mkojo, ambao kwa kawaida hukaa juma moja hadi mawili. Mfuko wake uwe chini ya kibofu daima, na mikono ioshwe kabla ya kuugusa. Anywe maji ya kutosha, ale mboga na matunda ili asijikaze chooni, na asibebe debe wala gunia kwa majuma sita. Homa, mguu kuvimba au mkojo kuacha kutoka ni sababu ya kurudi hospitalini siku hiyo hiyo.

Mpira ukitolewa, mkojo utavuja. Mwambieni mzee mapema ili asifikiri kwamba ameharibika. Wengi huendelea kupata nafuu mwezi baada ya mwezi, hata kufikia mwaka mzima. Lipo zoezi linalosaidia: akaze misuli ile inayozuia mkojo au upepo usitoke, ahesabu hadi tano, alegeze, na ahesabu tano tena. Afanye hivyo mara kumi, mara tatu kwa siku. Asifanye wakati mpira ungali ndani. Akaze pia kabla ya kukohoa au kuinuka kitini. Pedi zinunuliwe mapema na ziwekwe mahali pake bila maneno. Akijikojolea kanisani au kwenye matatu, mke asicheke wala asinung'unike.

Aliyepata mionzi huchoka, huenda msalani mara kwa mara, na huweza kuharisha au kuona damu kidogo chooni, ambayo lazima amweleze daktari. Nguvu zake za kiume hupungua polepole, pengine miaka miwili baadaye.

Anayepata tiba ya homoni hutokwa na jasho la ghafla, hunenepa, hulegea misuli, na mifupa yake hupungua nguvu. Atembee kwa miguu kila siku na kufanya kazi nyepesi. Hamu ya tendo la ndoa pia hupungua sana, pengine huisha kabisa. Wewe mke, lielewe jambo hili vizuri: ni dawa. Hana mwanamke mwingine, wala hajakuchoka. Naye mume amwambie mkewe hivyo kwa kinywa chake, maana kunyamaza ndiko kunakozaa shuku.

Juu ya chumba cha kulala

Hapa ndipo ndoa nyingi hujikwaa. Mume huona kwamba amepoteza uanaume wake, basi huhamia chumba kingine, hujifanya amelala, huacha hata kumshika mkewe mkono, akiogopa kwamba kumgusa kutaamsha deni asiloweza kulilipa. Mke naye hunyamaza ili asimwaibishe. Miaka inapita, kila mtu akidhani mwenzake ndiye aliyekataa.

Baada ya upasuaji mishipa ya fahamu huweza kuchukua hadi miaka miwili kupata nafuu. Yapo matibabu: vidonge, pampu, na sindano maalum. Vidonge visinunuliwe kwa siri dukani, kwa maana mtu anayetumia dawa fulani za moyo huweza kufa akivichanganya nazo. Mwulizeni daktari, wala msione haya. Yeye husikia maswali hayo kila siku. Jueni pia kwamba mwanaume aliyeondolewa tezi bado anaweza kufikia raha ya tendo la ndoa, ila hatatoa majimaji. Kwa sababu hiyo, kwa njia ya kawaida hatazaa tena. Wanandoa ambao bado wanatamani mtoto walizungumze hilo na daktari kabla ya tiba kuanza.

Wasomaji wengine huwa na wasiwasi wa dhamiri. Je, ni dhambi kukubali tiba itakayomfanya mtu asizae, kama kuondolewa korodani? Waraka wa Humanae Vitae wa mwaka 1968, sehemu ya 15, unafundisha kwamba tiba inayohitajika kuuponya mwili ni halali hata ikijulikana kwamba itazuia uzazi, mradi kuzuia huko si lengo lake. Je, ndoa inavunjika mume asipoweza tena? Hapana. Kanuni ya 1084 ya Sheria ya Kanisa inahusu hali ya kutoweza iliyokuwapo kabla ya ndoa na iliyo ya kudumu. Ile inayoletwa na ugonjwa baadaye haiigusi ndoa yenu hata kidogo. Wala jamaa wasije na maneno kwamba mke sasa yuko huru, au kwamba mume hana haki ya kuheshimiwa.

Basi laleni kitanda kimoja. Shikaneni mikono, pakaneni mafuta, ongeeni gizani kama mlivyoongea mlipokuwa wachumba. Mume anaweza kumpa mkewe upole na furaha hata asipoweza yale ya zamani. Wengi wakiondoa hofu ya kushindwa, hukuta kwamba ukaribu unarudi kabla ya nguvu.

Mke naye ni mtu

Anayemwuguza mgonjwa huchoka. Hufua mashuka, hutafuta nauli, huwajibu wageni, na usiku hulia peke yake. Mume anayepona amwulize mkewe kila siku, "Na wewe, mama, umeshindaje?" Watoto wakubwa wagawane kazi. Amueni wawili ni nani aambiwe na ni nani asiambiwe, ili habari za ndani zisitembee sokoni. Lakini wana wa kiume na ndugu za mume lazima waambiwe, kwa sababu hatari hiyo imo katika damu yao pia. Aibu ya baba isije ikamgharimu mwana.

Usisahau kliniki baada ya kupona. Aliyepasuliwa hupimwa PSA majuma sita hadi nane baadaye, na inatakiwa iwe imeshuka karibu na sifuri. Kisha hupimwa mara kwa mara kwa miaka. Ikipanda tena, bado yapo matibabu. Mwiteni padre pia. Mpako wa Wagonjwa ni wa kumtia nguvu mgonjwa, wala si wa saa ya kufa tu. Inafaa kuupokea kabla ya upasuaji mkubwa.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Je, mume amefikisha umri wa kupimwa? Tutakwenda lini, na nani atamsindikiza?
2. Kama mmoja wetu angeambiwa leo ana saratani, angetaka mwenzake afanye nini kwanza?
3. Ni jambo gani juu ya miili yetu ambalo hatujawahi kulizungumza, nalo linatusumbua?
4. Tukipungukiwa na tendo la ndoa, ni njia gani nyingine tunazo za kuonyeshana upendo? Tuanze na ipi juma hili?

Jibuni maswali haya mkiwa wawili tu, watoto wakiwa wamelala na redio imezimwa. Mungu awape afya, na zaidi ya afya, awape moyo wa kuambiana ukweli.